Thelathini na Tano Kila Gurudumu

Hapa Yongdae-ri mtasikia watu wakisema kwamba Pyo Geum-rye ni mwanamke mkaidi, hana adabu, kavunja heshima ya ukwe kwa mikono yake. Wanaosema hivyo hawakuwemo garini siku ile. Wangekuwemo, wangeyameza maneno yao bila maji. Mimi nilikuwemo, kiti cha abiria, tena nikaona kwa macho yangu mawili. Kwa hiyo tulieni niwaambie, na atakayenikatiza ataondoka hapa na sikio moja.

Geum-rye ni mjane. Mumewe alikufa kwa mapafu, akamwachia pikapu ya milango minne na binti mmoja, Bo-ram. Kazi yake ya majira ya baridi ni hii: asubuhi anapanda mlima wa Jinbu, anashuka upande wa bahari mpaka bandari ya Geojin, anapakia samaki waliokwisha kutumbuliwa, anawarudisha huku kwetu. Huku tunawatundika kwenye vichanja vya magogo, usiku wanaganda, mchana wanalegea, hadi masika wawe wamekauka rangi ya dhahabu. Mimi ni mtundikaji. Siku ambazo mzigo ni mwingi humsindikiza nikamsaidie kupakia. Sote wanawake, ila yeye kanizidi umri, namwita dada.

Bo-ram aliolewa kule chini, Ganseong, upande wa pili wa mlima. Baba mkwe wake, Bwana Maeng Sang-gu, ana karakana ya matairi. Mume wa Bo-ram yuko Ulsan kwenye viwanda vya meli, huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Basi Bo-ram anaishi kwa wakwe, anakaa mezani pale karakana akipokea wateja, na analea mtoto wao, Da-on, kasichana kenye mashavu kama mandazi ya mvuke. Binti huyo na mjukuu huyo ndio watu wote alio nao Geum-rye hapa duniani. Hana kaka, hana dada, hana mwingine.

Wazee wetu walisema nyumba ya mkwe na choo, vikiwa mbali ndivyo vizuri. Walijua walisemalo. Mkwe ambaye mwanawe kamwoa mwanao unamheshimu kuliko ndugu wa tumbo moja. Ukila kwake unapima hata mlio wa kijiko. Akikupa kitu huulizi, hukichunguzi, hukigeuzi-geuzi, maana ukimwaibisha yeye leo, kesho anayelipa ni binti yako jikoni mwao.

Sasa Bwana Maeng akatoa zawadi. Ringi nne zilizovishwa matairi ya theluji, zimepigwa rangi zinang'aa. "Mkwe," akamwambia Geum-rye, akiinama mpaka kichwa karibu kigonge goti, "wewe unapita mlima ule kila siku. Baridi ikianza niletee gari, nakufungia hizi. Kiangazi nakurudishia zile za kawaida. Kazi yangu, mikono yangu, usiniulize bei."

Geum-rye alirudi huku akiwa hagusi ardhi. Kijiji kizima kilisikia habari za ringi zile. Mpaka mbwa walizijua.

Kuna jambo moja la kuelewa hapo. Ndani ya kila tairi la gari lile hukaa sensa, kidude kidogo kinachopima upepo na kupeleka habari kwenye dashibodi. Kila sensa ina namba yake, na kompyuta ya gari inazijua nne zile kama mama anavyojua wanawe. Ukibadili ringi, unatakiwa uvue matairi, uzitoe sensa kwenye ringi za zamani, uzifunge kwenye ringi mpya, halafu uifundishe kompyuta upya nani yuko wapi. Au ununue nne nyingine. Ni kazi ya jasho, na kila msimu inarudiwa.

"Nimezihamisha zote nne," Bwana Maeng akamwambia alipomaliza kuzifunga, "na kompyuta nimeifundisha mwenyewe. Ukiona thelathini na tano kila gurudumu, mkwe, piga mluzi uende."

Na kweli ikawa thelathini na tano kila gurudumu. Jumatatu thelathini na tano, Jumamosi thelathini na tano. Madereva wenzake wanasimama njiani kujaza upepo, yeye anapita anapiga honi.

Kitu kimoja tu kilimkereketa rohoni. Alitaka kumpandisha Da-on huku juu. Mtoto akae hata siku mbili, aone samaki wamening'inia kwenye theluji, anywe supu ya bibi yake. Tangu majira ya baridi yale, kila akimwomba Bo-ram, jibu ni hapana. Leo mtoto ana mafua. Leo kuna mgeni. Mara gari linanuka samaki, mtoto atatapika.

"Linanuka samaki!" Geum-rye akaniambia siku hiyo, anapakua masanduku kwa hasira. "Yeye mwenyewe kakulia humo humo. Kalala kwenye siti ile ile na miguu kaitoa dirishani! Leo kaolewa na watu wa mjini, mama yake ananuka."

"Ganseong nayo mji?" nikamwambia. "Wana taa moja ya barabarani, nayo mbovu."

Hakucheka. Alikuwa ameumia, na mimi nilimlaani Bo-ram moyoni. Nikasema mtoto huyu kawa na majivuno. Laiti ingekuwa majivuno.

Ikaja asubuhi moja ya baridi kali, ile ambayo ukitema mate yanatua yamekuwa jiwe. Tulikuwa kwenye foleni bandarini Geojin. Kila dereva taa ya tairi imewaka, maana baridi hupunguza upepo, hilo anajua hata mtoto. Watu wanatukana, wanapanga mstari kwenye pampu. Geum-rye anatazama dashibodi yake anatabasamu.

Mwenye pampu, mzee mmoja anayeitwa Bwana Tak, mtu wa maneno, akaja akagonga kioo. "Mama, na wewe songa nikupime."

"Mie nipimwe nini? Thelathini na tano zote."

"Kwa baridi hii?" Bwana Tak akaingiza kichwa ndani. "Hata mimi nimepungua upepo leo, kwako halijashuka tairi hata moja? Hebu nitie geji, dakika moja, bure."

"Toa mkono kwenye tairi langu!" Geum-rye akafoka. "Unataka mkwe wangu asikie napeleka kazi yake kukaguliwa bandarini? Kesho mwanangu ataulizwa nini mezani?"

"Haya mama, haya. Mkwe wako ni mtume, nimekosa." Akaondoka akitikisa kichwa.

Tukapandisha kioo, tukawasha hita kwa nguvu maana vidole vilikuwa vimekufa. Gari limesimama, halijasogea hata hatua. Mimi, kwa kuwa sina kazi, nikawa natazama zile namba. Thelathini na tano zikawa thelathini na sita. Zote nne kwa pamoja. Tukaendelea kungoja, kabini ikapata joto, tukavua glovu. Thelathini na saba.

"Dada," nikamwambia, "tumesimama. Matairi yako kwenye barafu. Upepo unapandaje?"

"Ni mkono wa fundi," akajibu.

"Mkono gani wa fundi unaojaza upepo kutoka Ganseong?"

"Wewe tundika samaki. Matairi waachie wanaoyajua."

Ningekuwa na akili ningeteremka pale pale nikalipiga teke tairi. Lakini na mimi ni mtu wa hapa hapa. Nilijua mkwe hapimwi. Tukapakia mzigo, tukaanza kupanda.

Barabara ya Jinbu upande wa bahari ni kona juu ya kona. Kushoto ukuta wa mlima, kulia unaona vilele vya misonobari chini ya miguu yako. Tulikuwa tumefika zile kona mbaya, mzigo mzito nyuma, theluji imesagwa na magari mpaka imekuwa kioo. Nikasikia gari linavuta upande. Geum-rye akasema, "Upepo wa bahari huo." Halafu nyuma ikateleza.

Sijui niseme vipi. Gari lilikwenda kwa mbavu. Masanduku ya samaki yakapiga ukuta wa nyuma, usukani ukamponyoka, akaudaka, nikaona reli ya chuma inatujia upande wangu, nikafumba macho nikamwita mama yangu aliyekwisha kuzikwa. Tukagonga. Tukasimama. Reli ilipinda, lakini haikukatika.

Tukateremka upande wa dereva. Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa chini kabisa, tairi limejitandaza kwenye theluji kama chapati, ringi inakaribia kugusa lami. Geum-rye akalitazama. Akarudi ndani akatazama dashibodi. Akatoka, akalitazama tena tairi, akarudi tena ndani.

"Inasema thelathini na sita," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Dada, tairi liko chini."

"Nimeliona. Lakini inasema thelathini na sita."

Tukapiga simu ya bima, wakatuma fundi wao na gari la msaada. Hawa jamaa, waseme watu wasemayo, huja haraka. Akashuka baba mmoja mnene, jaketi la manjano, sigara nyuma ya sikio. Hata salamu hakumaliza, akatia geji. Lile la nyuma, sifuri. Akazunguka mengine: kumi na nane, kumi na tisa, kumi na sita.

"Mama, ulikuwa unaendesha matakia, si matairi," akasema. "Taa haikuwaka?"

Geum-rye akamwonyesha dashibodi. Yule baba akakunja uso. Akalijaza upepo lile la nyuma, akalipaka maji ya sabuni. Povu likatoka kwenye ringi yenyewe, kwenye mstari uliofichwa chini ya rangi. "Hii imechomelewa," akasema. "Ringi ilipasuka, mtu kaichomelea, kaipiga rangi. Na hii ya mbele pia. Ringi kama hizi hutupwa, mama. Nani kakufungia?"

Geum-rye akapangusa theluji kwenye ringi, akautazama ule mstari.

Fundi akaenda kuchukua kifaa chake cha kusomea sensa, ukubwa wa rimoti. Ukikisogeza kwenye valvu, sensa iliyo ndani hujibu na kifaa hulia. Akakiweka gurudumu la kwanza, kimya. La pili, kimya. Yote manne, kimya kama kaburi.

"Humu hamna sensa hata moja," akasema. Akafungua mlango wa nyuma aweke kifaa kwenye siti apate kufunga tairi la akiba, kidole bado kimekibonyeza. Kikalia. Kikalia mara nne, mfululizo.

Tukatazamana sote watatu.

Fundi akainua siti ya nyuma. Chini yake kulikuwa na kitu kirefu kimeviringishwa kwenye taulo. Akalifunua. Lilikuwa bomba la plastiki, lile la maji taka, limezibwa ncha zote mbili kwa vifuniko na gundi, na ubavuni limetobolewa likawekwa valvu ya tairi. Akalitikisa. Vitu vikagonga-gonga ndani.

"Sensa zako hizi hapa, mama. Mtu kazitia humu, kaliziba, kalijaza upepo. Za gari hili hazihitaji kuzunguka ndipo ziseme. Zimekaa kwenye joto na wewe, zinaiambia kompyuta mambo ni mazuri." Akatukana tusi ambalo sitalisema. "Huu ujinga huufanya vijana wenye ringi za mashindano, taa isiwasumbue. Kumfanyia mama anayebeba mzigo kwenye mlima huu, sijapata kuona. Huyo mtu mshitaki."

Geum-rye alikuwa hasikilizi. Alikuwa anatazama taulo. Ninyi mnajua, mtoto akitimiza mwaka watu hugawiwa taulo zenye jina lake. Lile lilikuwa taulo la Da-on, la pinki, na tarehe ya karamu yake.

Fundi akatufungia tairi la akiba, yale mengine akayajaza, akatuonya twende mwendo wa kobe. Geum-rye akageuza gari, tukateremka kurudi Ganseong. Njia nzima bomba kaliweka mapajani. Namba za dashibodi zilisema thelathini na sita. Nilitaka kuipiga ile dashibodi ngumi.

Bwana Maeng alikuwa nje ya karakana anakunywa kahawa ya pakiti. Akatuona, akaweka kikombe, akainama. "Mkwe! Karibu sana, baridi hii yote..." Halafu akaliona bomba.

Mimi nilingoja aruke, akane, aseme mafundi wake ndio waliofanya. Hata! Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekutwa kachomekea shati vibaya.

"Aa, hilo. Mkwe, taa ile ingekusumbua bure. Ringi zile zina upungufu mdogo sana, za mkono wa pili, nilizipata kwenye gari lililopinduka. Nikasema kila wiki utakuwa unaona taa, utaingia wasiwasi. Mwanamke peke yake mlimani, wasiwasi si mzuri."

"Tairi limeisha upepo kwenye kona," Geum-rye akasema. Bado alikuwa anatumia maneno ya heshima, Mungu ampe thawabu. "Tumegonga reli."

"Pole sana, mkwe. Mmeumia?"

"Na siku ambayo ningekuwa nimempakia mjukuu wetu?"

Hapo Bwana Maeng akafanya haraka kumtuliza, na kwa haraka hiyo ndipo alipoua. "Hapana, hapana, hilo usiogope kabisa! Mimi ni babu, nina akili. Tangu mwanzo nilimwambia Bo-ram, mtoto asipande gari lile hata kidogo."

Nikamtazama dada yangu. Jamani, nimeona watu wakifiwa. Mumewe alipokufa nilikuwa pale. Uso ule haukuwa hivi.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Na yule uliyemzaa mwenyewe je? Yeye hawakumsema. Walidhani hakuna haja.

Bo-ram alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, mikono ameikunja kwenye aproni. Geum-rye akampita mkwe wake bila kuinama, akamwendea binti yake, akamwonyesha taulo.

"Hili nani alilifunga?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Bomba lilikuwa linagonga chuma." Bo-ram akawa anasema chini chini. "Baba mkwe alisema utalisikia."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mama, ningesema nini? Ningemwambia nani? Mume wangu hayupo. Nakaa nao, nala nao. Siku ya harusi, ulipokuwa unanifunga mkanda wa nguo, wewe mwenyewe uliniambia. Miaka mitatu uwe kiziwi, miaka mitatu uwe bubu, miaka mitatu uwe kipofu. Ukasema hivyo ndivyo wewe ulivyoishi kwa bibi mzaa baba. Ukasema nikifungua mdomo kule nitakutia aibu."

Kila mama hapa kwetu humwambia bintiye maneno hayo. Na mimi niliambiwa. Lakini sikupata kuyasikia yakirudishwa.

"Nilikuambia unyamaze wakikusema wewe," Geum-rye akasema. "Wakikunyima usingizi, wakikutia chumvi kwenye kidonda, unyamaze. Nilikuambia unyamaze nife mimi?"

"Nilikuwa naomba kila siku usipatwe na kitu. Kila asubuhi, mama. Kila asubuhi nikisikia umefika bandarini ndipo nilipokuwa nakula."

"Mtoto wako ulimzuia."

Bo-ram akafunika uso.

"Ulipata maneno ya kumzuia mtoto. Mafua ulipata, mgeni ulipata, harufu ya samaki ulipata. Uongo wote huo uliweza kuutafuta, ukashindwa kusema, mama, pima tairi? Maneno matatu, Bo-ram."

Bwana Maeng akaanza kusema jambo juu ya chai na kuingia ndani, nikamgeukia mimi. "Wewe mzee, kaa kimya," nikamwambia, "au hili bomba nitakutafutia mahali pa kulificha." Ndiyo, nilisema hivyo kwa mkwe wa mtu, na sijuti. Wanaotaka kusema sina adabu, na wanitaje pamoja na Geum-rye.

Geum-rye akaliweka bomba chini, kwenye theluji, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Taulo akalikunja vizuri, akampa binti yake mkononi. Akarudi garini. Nikapanda upande wangu. Mlango umebonyea, ilibidi niuvute mara mbili ndipo ufunge. Dada akawasha gari.

Tulipoanza kusogea, Bo-ram akakimbia, akashika kioo cha dereva kwa vidole vyote. Geum-rye akakiteremsha.

"Mama," Bo-ram akasema huku analia, "endesha polepole. Kuna barafu juu."

Geum-rye akaweka kidole kwenye kitufe cha kioo.

"Leo ndiyo unaniambia?" akamuuliza, akapandisha kioo, tukaenda.